Gari la Moshi la Mombasa na Kiu Yake

Wazee wa pwani wakikaa barazani na kuongea juu ya safari za ujana wao, hawakawii kulitaja gari la moshi. Hawalisifu kwa upesi, maana upesi halikuwa nao. Lilitoka Mombasa jioni, likaenda usiku kucha maili 330, likafika Nairobi kesho yake asubuhi. Na siku nyingine lilichelewa hata adhuhuri. Tangu mwaka 2017 yako magari mapya yapitayo katika njia nyingine, nayo huimaliza safari hiyo kwa muda wa saa tano au sita. Basi watoto wakisikiliza hustaajabu: wazee hawa wanatamani nini katika gari lililotambaa kama kobe? Jawabu limo katika injini yenyewe, hasa katika kiu yake.

Injini ya moshi ni birika kubwa lililolazwa juu ya magurudumu. Ndani yake mna moto na maji. Maji yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hutaka nafasi kubwa kupita maji. Ukifungiwa, husukuma kila kitu kilicho mbele yake. Kila aliyeona kifuniko cha sufuria kikirukaruka jikoni amekwisha kuiona nguvu hiyo. Katika injini mvuke huingizwa ndani ya mwanzi mnene wa chuma, ukasukuma kizibo kiendacho mbele na kurudi nyuma, na vyuma virefu vilivyoshikana na kizibo hicho huyazungusha magurudumu. Kisha mvuke hutoka kwa mshindo katika bomba la moshi, ukapotea hewani.

Hapo ndipo penye shida. Mvuke uliokwisha kutoka haurudi tena, kwa hiyo maji hupungua njia nzima, na kuni nazo huteketea. Dereva akiliacha birika likauke, chuma chake huungua, na birika laweza kupasuka na kuwaua watu. Kwa sababu hiyo ilipasa pawe na tangi la maji na rundo la kuni kila baada ya mwendo fulani. Penye tangi pakawa na watu wa kulilinda, na penye watu pakawa na nyumba, kisha duka, kisha soko.

Sasa ifikirini nchi yenyewe. Mtu akiisha kuiacha minazi ya pwani na kupanda vilima vya Mazeras na Rabai, huingia katika nyika ya Taru, nchi ya miiba na vumbi jekundu isiyo na mto. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann, aliyekaa Rabai pamoja na mwenzake Krapf, aliivuka nyika hiyo kwa miguu pamoja na wapagazi wake, akaendelea mpaka akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Misafara ya siku zile ilijua vema ni wapi penye mashimo ya maji, na ni wapi ambapo mtu asiyejua hufa. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, maji ya kunywa ya wajenzi yalipelekwa kwa gari, juu ya reli zile zile walizokuwa wamezitandika juzi na jana.

Wafanya kazi walioletwa kutoka Bara Hindi walikuwa kama 32,000, na Waafrika wengi walifanya kazi pamoja nao. Katika hao wa Bara Hindi walikufa kama 2,500, wengi wao kwa maradhi. Watu hupenda zaidi kusimulia habari za simba wawili wa Tsavo, waliowashambulia wajenzi wa daraja mwaka 1898 mpaka walipopigwa risasi na Patterson, msimamizi wa kazi. Yeye alidai kwamba waliliwa watu 135. Wataalamu waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao, ambao sasa wako katika nyumba ya makumbusho huko Chicago, walikadiria mwaka 2009 kwamba ni kama 35. Hata tukiipokea hesabu iliyo kubwa, homa na kuhara viliua wengi kuliko simba. Ila ugonjwa hauna hadithi tamu.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Kila ilipopita iliacha vituo: Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, na Sultan Hamud, kituo kilichopewa jina la Hamud bin Mohamed, Sultani wa Unguja. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Voi palijengwa njia ya pili ya kwenda Taveta, ikaunganishwa na reli ya Tanga na Moshi. Huko Makindu Masingasinga waliofanya kazi ya reli walijenga hekalu lao mwaka 1926, na hata leo msafiri yeyote aingiaye humo hupewa chakula bila malipo, awe wa dini yo yote. Nairobi yenyewe ilikuwa mahali pa malisho tu na bwawa, penye mto ambao Wamasai waliuita kwa jina lenye maana ya maji baridi. Wajenzi wa reli walihitaji mahali penye maji na uwanja mpana, wapange vyombo vyao kabla ya kuingia milimani. Mji mkuu wa Kenya ulianza hivyo.

Kituo kilikuwa saa ya watu wote waliokaa karibu nacho. Mluzi uliposikika mbali, usiku au mchana, wanawake walijitwika vikapu wakaenda mbio: mayai yaliyochemshwa, mahindi ya kuchoma, maembe, ndizi, na upande wa pwani madafu na mihogo. Injini ikikoroma chini ya bomba la maji, biashara ilifanywa madirishani, mkono juu na mkono chini, na mnunuzi alijitahidi kupokea chenji yake kabla gari halijaondoka. Mifuko ya barua ilishushwa na mingine ikapakiwa. Kuli aliyefanya kazi gatini Kilindini alipitisha salamu na fedha kwa mtu wa kwao aliyekuwa safarini. Habari za njaa, za bei ya ng'ombe, za kifo cha jamaa, zote zilipita dirishani pamoja na mahindi.

Yapasa kusema wazi kwamba si watu wote waliosafiri katika gari moja, ingawa walivutwa na injini moja. Palikuwa na daraja tatu. Daraja la kwanza lilikuwa na vitanda, shuka safi, na behewa la kulia. Mtumishi aliyevaa nguo nyeupe alipita ukumbini akigonga kengele ndogo kuwaita wasafiri mezani, penye vitambaa vyeupe na visu vya kung'aa. Daraja la tatu lilikuwa na mabenchi, nayo yalijaa watu, mizigo, kuku na watoto. Katika siku za ukoloni daraja lilifuata rangi ya mtu kwa desturi: Wazungu wa kwanza, Wahindi wa pili, Waafrika wa tatu. Vitabu vingi vinavyolisifu gari hili viliandikwa na watu waliokaa katika lile behewa la kulia, kwa hiyo husifu visu na supu. Abiria walio wengi hawakuiona meza ile kamwe. Kwa maoni yangu, wao ndio waliokula vizuri zaidi, maana hindi la moto la Kibwezi halikuwa na haja ya kitambaa.

Kuna jambo moja ambalo daraja zote zililipata sawasawa. Msafiri wa bara aliyekwenda pwani aliamka alfajiri nyikani, akahisi hewa imekuwa nzito na yenye joto, kisha akaona mnazi wa kwanza. Ndipo gari likashuka polepole mpaka bahari ikaonekana, likavuka kuingia kisiwani. Naye aliyekwenda bara aliamka katika baridi ya mbuga, akatazama pundamilia na twiga wakilikimbia gari. Na kama mawingu yalikuwa yametawanyika, Kilimanjaro ilionekana upande wa kushoto. Yule aliyesafiri aliwasili akijua kwamba amekwenda mbali.

Toka pwani hata Nairobi njia hupanda zaidi ya futi 5,000, na reli za zamani zilikuwa nyembamba, zimeachana mita 1 tu, tena zenye kona nyingi. Injini nzito ingeziharibu, na injini nyepesi ilishindwa mlima. Dawa ilipatikana katika ufundi wa Mwingereza aitwaye Garratt. Katika injini za namna yake birika huwekwa katikati, nalo hushikwa kwa ncha zake mbili na magari mawili ya chuma, moja mbele na moja nyuma, kila moja na magurudumu yake na mianzi yake. Uzito hugawanyika juu ya magurudumu mengi, na katika kona injini hujikunja kama jongoo. Zilianza kutumika katika reli hii mwaka 1926. Zilizo kubwa kupita zote zilikuja mwaka 1955 na 1956 kutoka Manchester, zikiwa 34, kila moja yenye uzito wa tani 252 na urefu wa futi zaidi ya 100. Hizi zilichoma mafuta mazito badala ya kuni, na kazi yao hasa ilikuwa kuvuta mizigo. Hapakuwa na injini za moshi kubwa kuliko hizo duniani kote katika reli za upana wa mita 1.

Kisha zikaja injini za dizeli, ambazo hazina birika la kuchemsha. Injini ya dizeli haisimami kwa ajili ya maji, basi haikuwa na sababu ya kusimama katika vituo vidogo ila kwa ajili ya watu. Na watu wachache hawalisimamishi gari. Matangi yakakauka, yakashika kutu. Kufikia mwaka 1980 zile injini kubwa zilikuwa zimeacha kazi. Kabla ya hapo, mwaka 1977, shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika, kila nchi ikachukua sehemu yake. Gari la usiku liliendelea, lakini njia na mabehewa yalizidi kuchakaa. Mwezi wa Januari 1993, mafuriko yaliliharibu daraja la Ngai Ndethya, gari la Mombasa likatumbukia mtoni gizani, na watu zaidi ya 100 wakafa. Wazee barazani hawaupendi sana usiku huo, lakini nao ni sehemu ya habari hii.

Reli mpya, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, ni pana zaidi na imenyoka zaidi. Toka Mombasa hata Nairobi ni kilomita 472 tu, na ile ya zamani ilikuwa karibu 530. Stesheni yake ya Mombasa iko Miritini, nje ya kisiwa. Yako magari yake yasimamayo njiani, Voi na Mtito Andei na kwingineko, lakini madirisha hayafunguki, wala hakuna auzaye mahindi kando ya behewa.

Katika nyumba ya makumbusho ya reli huko Nairobi zimewekwa injini mbili za namna ile kubwa. Injini nyingine za Garratt, zilizokuja mwaka 1953 na 1954, zilipewa majina ya magavana, na baada ya uhuru majina hayo yaliondolewa. Hizi zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, nayo yakabaki. Moja yaitwa Mlima Gelai, na ya pili Mlima Shengena. Mkipata ramani ya Tanzania mtaiona milima hiyo: Gelai uko karibu na Ziwa Natron, na Shengena uko Upareni.