Mkoa na Nchi: Namna Zanzibar Inavyojitawala, Ikilinganishwa na Ubena

Makambako ni mahali pakutanapo njia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya yapita hapo, na nyingine yaachana nayo ikielekea Njombe na Songea. Reli ya Tazara nayo ina stesheni yake pale. Mahali kama hapo habari za mbali hufika upesi, na swali moja twalisikia mara kwa mara, hasa unapokaribia uchaguzi. Watu huuliza: Kwa nini wenzetu wa Unguja na Pemba wana Rais wao, na baraza lao la kutunga sheria, na bendera yao, na sisi wa Njombe tuna mkuu wa mkoa tu, naye huletwa?

Swali hili si la kuchekwa. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022 Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773, na Mkoa wa Njombe watu 889,946. Lakini kwa ardhi Njombe ni kubwa kuliko visiwa hivyo mara kadhaa. Kwa hiyo ukubwa peke yake si sababu. Wengine husema sababu ni bahari. Nayo si kweli, maana Mafia ni kisiwa, na Waswahili wake ni ndugu za watu wa Unguja kwa lugha na dini, walakini ni wilaya tu ya Mkoa wa Pwani. Sisi twaonelea kwamba jibu limefichika ndani ya neno moja tulitumialo kila siku bila kulitazama, nalo ni "mamlaka".

Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni ufalme, yaani nchi pamoja na enzi ya mwenyewe. Katika Kiswahili limepungua nguvu. Twasema "nimempa mamlaka", kama vile mtu amwachiavyo mwenzake ufunguo wa nyumba. Zipo basi mamlaka za namna mbili: ile ya mwenye nyumba, na ile ya mwenye kuachiwa ufunguo. Kwa macho ya mpita njia zote mbili zafanana, maana wote wawili hufungua mlango.

Tuanze na Ubena. Kabla ya Wadachi mtwa wa Wabena alikuwa mwenye enzi mwenyewe. Alihukumu, aliita watu vitani, wala hakuandikiwa barua ya kumweka na mtu wa mbali. Mtwa Mbeyela alikuwa bado na nguvu za kuwaongoza watu wake kuishambulia misioni ya Yakobi mwaka 1905, katika vita vya Majimaji. Vita hivyo vikashindwa, na enzi ile ikavunjika. Hata walipokuja Waingereza, Gavana Donald Cameron akaweka sheria ya mwaka 1926 ya kuwatawala watu kwa njia ya wakubwa wao wenyewe. Watwa wakarudishiwa kiti, wakapewa baraza la kuhukumu mashauri madogo, na hazina iliyopata fungu la kodi, na kutoka humo wakalipwa mishahara wao na makarani wao. Wazee wengi waliona kwamba utawala wa zamani umerudi. Lakini uliorudi ni ufunguo, si nyumba. Mtwa alikuwa sasa mtumishi mwenye mshahara, na Bwana Wilaya aliweza kumwonya, na Gavana kumwondoa.

Ushahidi wa jambo hili ulionekana mwaka 1963. Serikali ya Tanganyika huru ilifuta vyeo vya machifu nchi nzima kwa sheria moja, na utawala wa watwa ukakoma pasipo Wabena kuombwa idhini. Hatusemi kwamba haikufaa kuvifuta. Twaonyesha tu jinsi ilivyokuwa rahisi. Tena haya hayakuwapata machifu peke yao. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya, zilizochaguliwa na watu, zikaondolewa ili kazi zao zishikwe na maofisa wa serikali kuu, jambo lililoitwa Madaraka Mikoani. Zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Mkoa wa Njombe nao ulizaliwa mwaka 2012 kwa kukatwa kutoka Iringa. Aukataye mkoa ni Rais, na mkuu wa mkoa huwekwa na Rais. Madiwani wa Mji wa Makambako huchaguliwa na watu, lakini mkurugenzi wa halmashauri yao huteuliwa kutoka juu.

Sasa tuvuke bahari. Zanzibar haikuachiwa ufunguo na Tanganyika. Ilipata uhuru wake kwa Waingereza tarehe 10 Desemba 1963, chini ya Sultani. Sultani akapinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Na tarehe 22 Aprili mwaka ule ule Rais Abeid Amani Karume na Rais Julius Nyerere wakatia saini Hati za Muungano, dola kwa dola. Muungano wenyewe ukaanza tarehe 26. Neno "muungano" lenyewe latufundisha, maana fundi haungi kipande kimoja; sharti viwepo viwili kabla hajashika kazi. Katika hati zile yaliandikwa mambo 11 yatakayokuwa ya wote, kama vile mambo ya nchi za nje, ulinzi, polisi na uraia. Yasiyoandikwa yalibaki Zanzibar kama yalivyokuwa. Hapo ndipo penye tofauti yote. Ubena hupata kile kilichotajwa kuwa ni chake. Zanzibar hukosa kile kilichotajwa kuwa si chake.

Serikali ya visiwa huitwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na Katiba yake ni ya mwaka 1984. Rais huchaguliwa na Wazanzibari kwa miaka mitano, wala hawezi kupita vipindi viwili. Naye ndiye mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi, yaani baraza la mawaziri, lililohifadhi jina la mwaka 1964. Sheria hutungwa na Baraza la Wawakilishi, lililoanza kukutana mwaka 1980. Baada ya kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, iliyokubaliwa na watu kama 66 katika kila 100, Katiba hiyo ilibadilishwa ili chama cha pili kipate nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, kwa kuwa uchaguzi wa mara kwa mara ulikuwa umeleta uhasama na damu.

Mpaka uliopo kati ya mambo ya Muungano na yasiyo ya Muungano huonekana vizuri zaidi katika maisha ya watu kuliko katika vitabu. Mtoto wa Makambako na mtoto wa Chake Chake hufanya mtihani mmoja wa kidato cha nne, maana Baraza la Mitihani ni jambo la Muungano. Lakini waalimu waliowafundisha ni watumishi wa wizara mbili za serikali mbili. Polisi wa Njombe aweza kuhamishiwa Pemba, kwani jeshi ni moja. Bwana shamba hawezi. Mtu akishindwa katika Mahkama Kuu ya Zanzibar aweza kukata rufani kwenye Mahakama ya Rufani ya Tanzania, isipokuwa shauri lililoanzia kwa kadhi, ambalo hukoma huko huko visiwani. Na sheria iliyotungwa na Bunge haitumiki Zanzibar ila imesema wazi yenyewe kwamba itatumika huko.

Je, na Tanganyika? Hapa pana ajabu ambayo wasomaji wengi hawajaitafakari. Tanganyika ilipoungana haikubakiza serikali yake. Serikali ya Muungano ndiyo ishughulikayo na ulinzi wa nchi yote, na ndiyo hiyo hiyo ishughulikayo na viazi vya Njombe na maji ya Makambako. Kwa hiyo wabunge kutoka Zanzibar, ambao majimbo yao ni 50, huketi na kupiga kura juu ya mambo ya bara tu. Lakini mbunge wa Njombe hana kiti katika Baraza la Wawakilishi. Mtu wa bara akinung'unika kwa hilo ana sababu. Na Mzanzibari naye ana yake, maana orodha ile ya mambo 11 imerefuka, na leo yahesabiwa kuwa 22. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilitoa rasimu mwaka 2013, ikashauri ziwe serikali tatu, ya tatu ikiwa ya Tanganyika. Bunge Maalumu la mwaka 2014 lilirudisha mbili, na kura ya maoni iliyokusudiwa mwaka 2015 haikupigwa.

Turudi kwenye maneno, maana ugomvi mkubwa ulitokea juu ya neno moja. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema Bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na visiwani watu wakachukizwa sana. Katika Kiswahili cha zamani "nchi" ni ardhi na watu wake, na hata leo hakuna anayeshtuka akisikia "nchi ya Wabena". Waziri Mkuu alisema kwa maana ya sheria ya mataifa. Wazanzibari walisikia kwa maana ya mama zao. Katika mabadiliko ya mwaka 2010 wakaiandika maana yao ndani ya Katiba: Zanzibar, iliyoitwa kwanza sehemu ya Jamhuri ya Muungano, ikaitwa moja ya nchi mbili zinazoiunda.

Katika mabadiliko hayo hayo waliandika pia kwamba Rais wa Zanzibar aweza kuigawa Zanzibar katika mikoa na wilaya. Katiba ya Muungano yampa Rais wa Muungano kazi hiyo, ila ashauriane kwanza na mwenzake wa Zanzibar. Vitabu viwili basi vyasema maneno mawili juu ya jambo moja, na jambo lenyewe ni lile lile lililofanywa Njombe mwaka 2012.