Injini Hupimwa kwa Chombo, si kwa Tamaa



Baada ya darsa ya akina mama mjini Kilifi, mzazi mmoja alibaki nyuma akiwa na leso iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na bangili nne za dhahabu alizovishwa siku ya harusi yake. Mwanawe alirithi mashua ya faiba ya futi 18 kutoka kwa marehemu baba yake. Sasa alitaka bangili hizo ziuzwe, na juu yake uchukuliwe mkopo, ili anunue injini ya nguvu za farasi 115. Kazi aliyoikusudia ni kuwakokota wageni katika hori ya Kilifi, wale wanaosimama juu ya ubao na kuteleza nyuma ya mashua, mchezo ambao vijana huuita weikibodi. Mama hakutuuliza kama biashara hiyo inafaa. Alituuliza, "Sheikh, hiyo mashine ya 115 ni lazima?"

Tulikiri mbele yake kwamba jibu hatunalo. Sisi tulisomeshwa vitabu chuoni, hatukusomeshwa injini. Hata hivyo, kumwuliza ajuaye ni katika adabu za elimu. Tulimwendea fundi wa mashine za majini pamoja na nahodha mmoja mzee, na haya ndiyo tuliyoyapata kwao. Tunayaandika hapa kwa kuwa swali hili si la mama huyo peke yake. Kutoka Takaungu hadi Mambrui tunawajua akina mama wengi ambao dhahabu yao, au fungu lao la chama, limegeuka injini ya mtoto au ya mume.

Jambo la kwanza ni chombo chenyewe. Fundi hakuuliza kijana anataka nini. Aliuliza mashua imejengwa ibebe nini. Mashua nyingi za kiwandani zina kibao kidogo kinachotaja mwisho wa nguvu za injini na wa mzigo. Kibao cha mashua ya marehemu kilisema 60. Injini ya 60 ya mipigo minne ina uzito wa karibu kilo 110, na ile ya 115 hukaribia kilo 170. Kilo hizo zilizozidi ni kama mtu mzima aliyekaa tezini daima, asiyeshuka kamwe. Chombo hulala nyuma, na siku injini inapopunguzwa ghafla, wimbi lake lenyewe humfuata na kumwaga maji ndani. Nahodha alituambia kwamba kuvuka kipimo hicho ni kuwapakia watoto wa watu katika chombo ambacho aliyekijenga hakukidhamini.

Jambo la pili ni kazi. Mchezo huu hauhitaji mbio za kutisha. Mashua hukokota kwa mwendo wa kilomita 30 hadi 37 kwa saa. Ugumu uko mwanzoni. Mchezaji amekaa majini, kamba imekazika, na mashua inapaswa kumtoa majini na wakati huohuo yenyewe ipande juu ya maji. Kinachotakiwa hapo ni nguvu ya kuvuta. Zile mashua maalumu za Marekani zina injini za ndani za nguvu 300 na zaidi, kwa sababu hujazwa maji kwa makusudi ziwe nzito na kuacha wimbi kubwa nyuma. Mashua ndogo ikitaka kumwinua mtu mzima mzito bila taabu huhitaji 90 au zaidi. Injini ya 60 itamvuta mtoto, mtu mwepesi au mwanafunzi wa mchezo, maadamu abiria ndani ni wachache.

Hapo fundi alitufunulia jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni rafadha, au propela. Kila rafadha ina hatua yake, yaani masafa ambayo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Yenye hatua fupi huvuta vizuri mwanzoni, kama gari linavyopanda mlima kwa gia ndogo, ingawa mbio za mwisho hupungua. Mara nyingi kubadili rafadha huponya dhiki ambayo mtu alidhani dawa yake ni injini mpya.

Jambo la tatu ni matumizi. Injini ya mipigo minne ikifunguliwa yote hula zaidi kidogo ya thuluthi moja ya lita kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Kwa hesabu hiyo, ya 60 hula lita 20 na ushei, na ya 115 hukaribia lita 40. Wageni nao wana msimu wao. Huja kwa wingi wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Kusi inapoingia mwezi wa Aprili, hoteli hupoa na mashua hufungwa, lakini deni halifungwi. Mkopo wenye riba tulimkataza waziwazi; na hata deni lisilo na riba ni mzigo kwa nyumba isiyo na pato miezi mitatu.

Akina mama wasione kwamba haya si ya kwao. Ole Evinrude wa Marekani alipoanza kuuza injini za kufungwa tezini mwaka 1909, mkewe Bess ndiye aliyeshika hesabu na barua za biashara. Basi kabla dhahabu haijatoka sandukuni, ulizeni maswali manne. Kibao cha chombo kinasema ngapi? Watakokotwa watu gani, na ndani watakaa wangapi? Petroli ni lita ngapi kwa saa, na wakati wa kusi nani atalipa? Na la nne, je, bei hiyo imehesabu majaketi ya kuokolea, kamba ya kuzimia injini nahodha akianguka, mtu wa pili wa kumwangalia anayekokotwa, na ukaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya?

Kijana hakufurahi. Alisema wageni watawafuata wenye mashua kubwa, na baadhi yao kweli wamewafuata. Hata hivyo alimsikiliza mama yake. Bangili mbili ziliuzwa, zikaongezwa akiba yake na bei ya injini kuukuu ya baba, ikanunuliwa ya 60 iliyotumika baada ya fundi kuikagua. Mkopo haukuchukuliwa. Leo anafundisha watoto na wanaoanza, ndani ya hori ambako maji yametulia, na jioni hutembeza familia. Bangili mbili zilizobaki zimo sandukuni, zikingojea kusi.

Wazee wetu walisema, hata uende tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mashua ya mtoto ikirejea salama jioni, na jikoni pakawa na moto bila deni la mtu, injini hiyo imetosha.

Wabillahi tawfiq.