Ukurasa wa Shilingi 100: Nani Analipia Nini?

Kwa miaka mingi Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania imekuwa na fungu la vitabu na viandikwa la Sh200,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Tuchukue kwamba maktaba ya chuo inachapa ukurasa mmoja kwa Sh100. Fungu lote basi ni kurasa 2,000, yaani 1,000 kwa muhula. Kwa masomo matano ni kurasa 200 kila somo, na kwa wiki 15 ni kurasa 13 tu kwa wiki. Hapo mwanafunzi hajanunua kalamu, daftari wala kitabu.

Ripoti ya utafiti ya mwaka wa mwisho inabana zaidi. Yenye kurasa 60, ikichapwa rasimu tatu za kumpelekea msimamizi na nakala tatu za kukabidhi, inafikisha kurasa 360. Hizo ni Sh36,000, asilimia 18 ya fungu la mwaka, kabla ya kujalidi.

Je, Sh100 ni nyingi? Hapa tutenganishe maneno mawili: karatasi ina pande mbili, na ukurasa ni upande mmoja uliochapwa. Rimu ina karatasi 500. Ikinunuliwa Sh15,000, karatasi moja ni Sh30. Tona ya HP 05A imekadiriwa na mtengenezaji kutoa kurasa 2,300. Ya kuigiza ikipatikana kwa Sh46,000, wino wa ukurasa ni Sh20, na jumla Sh50. Ile halisi ikiuzwa Sh230,000, wino peke yake ni Sh100. Ukiongeza karatasi, maktaba inapoteza Sh30 kwa kila ukurasa. Bei niliyochukua ya rimu na tona inaweza kupanda au kushuka, lakini pengo kati ya tona hizo mbili ndilo linaloamua hesabu nzima.

Hata hizo kurasa 2,300 zina sharti. Kipimo hicho huchukulia kwamba wino unafunika takriban asilimia 5 ya ukurasa, kama barua fupi. Slaidi za mhadhara zenye mandhari meusi hazifanani na barua. Zikifunika asilimia 20, wino ni mara nne: Sh80 kwa tona ya kuigiza, na pamoja na karatasi Sh110. Kwa bei moja ya Sh100, anayechapa maandishi matupu anamlipia anayechapa slaidi. Mhadhiri anayetoa slaidi zenye mandhari meupe anaiokolea maktaba fedha bila kujua.

Turudi kwenye Sh50 zinazobaki kwa ukurasa wa kawaida. Tuseme mhudumu analipwa Sh400,000 kwa mwezi. Zinahitajika kurasa 8,000 kwa mwezi, kama 308 kwa siku katika siku 26 za kazi. Lakini hesabu hiyo inadhani wanafunzi wapo mwaka mzima. Mshahara ni wa miezi 12 na masomo ni kama miezi 8, kwa hiyo zinatakiwa kurasa 12,000 kwa mwezi, karibu 462 kwa siku. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 2018, inaweza kuhudumia watu 2,100 kwa wakati mmoja. Mahali penye ukubwa huo, inatosha mtu mmoja kati ya watano hivi achape ukurasa mmoja kwa siku. Umeme na matengenezo ya mashine bado havimo.

Dosari kubwa naiona kwenye kuchapa pande mbili. Mwanafunzi analipa Sh200 kwa karatasi moja, wakati gharama ni Sh70: karatasi 30 na wino 40. Akichapa kurasa hizohizo upande mmoja mmoja, gharama ni Sh100. Amebana karatasi, na Sh30 alizookoa zimebaki maktabani.

Bei ingegawanywa: Sh40 kwa karatasi, Sh60 kwa ukurasa. Upande mmoja ungebaki Sh100, na pande mbili zingekuwa Sh160. Maktaba ingebakiwa na Sh45 kwa ukurasa badala ya 50, upungufu unaovumilika. Rasimu tatu za ripoti ile, kurasa 180, zikichapwa pande mbili zingegharimu Sh14,400 badala ya Sh18,000. Tofauti ya Sh3,600 inatosha kumchapia mwanafunzi huyohuyo kurasa nyingine 45, na bei ya ukurasa haijashuka kwa anayechapa upande mmoja.