Macho ya Watoto Njiti na Muhula wa Kuyaokoa

Maradhi mengi ya macho humjia mtu bila taarifa, wala hapana ajuaye siku yake. Lakini maradhi ya retina yawapatayo watoto waliozaliwa kabla ya kutimiza miezi yao yana majira yanayojulikana, hata tabibu aliyekwisha kujua mtoto alikaa tumboni majuma mangapi aweza kuhesabu kwa kalamu ni lini yatajitokeza, kama yatajitokeza, na ni lini muhula wa kuyazuia utakuwa umekwisha. Kwa hiyo kila mtoto apofuliwaye na maradhi haya, hali daktari na tiba vimo nchini, huwa amepofuliwa na kukosa tarehe kuliko kukosa maarifa. Na jambo hilo ndilo nitakalo lifahamike kwa kila mzazi, kila mkunga na kila mkuu wa hospitali.

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, upokeao nuru na kuipeleka habari yake kwenye ubongo. Mishipa ya damu inayoulisha utando huo huanza kuchipuka katikati, penye neva ya jicho, yapata juma la 16 la mimba, ikaenda ikitambaa taratibu kuelekea ukingoni, hata ikafika upande wa pua karibu na juma la 36 na upande wa panja karibu na juma la 40. Basi mtoto azaliwaye katika juma la 28 huja duniani retina yake ikiwa bado ina eneo lisilo na mshipa hata mmoja, akaikuta hewa yenye oksijeni nyingi kuliko ile aliyoizoea tumboni, na mishipa ikasita kukua. Majuma kadhaa yakiisha pita, eneo lile lenye njaa ya oksijeni hutoa kemikali za kuita mishipa mipya, nayo huja kwa fujo, ikiwa dhaifu na yenye kuvuja, ikaacha makovu. Na kovu linaposinyaa huivuta retina mpaka ikabanduka kama chokaa ibandukavyo ukutani. Jicho likiisha fika hapo, ni nadra upasuaji kulirudishia nuru ya kutosha.

Wa kwanza kuyaeleza maradhi haya kitabibu alikuwa Theodore Terry, daktari wa macho wa Boston, mwaka 1942, zama ambazo watoto njiti walilelewa katika inkubeta na kupewa oksijeni kwa wingi, kwa nia njema ya kuwaokoa. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne alionyesha kuwa waliopewa oksijeni nyingi ndio waliopatwa zaidi, na majaribio yaliyofanywa kwa pamoja na hospitali kadhaa za Marekani mwaka 1953 na 1954 yakalithibitisha jambo hilo. Lakini kufikia hapo watoto wapatao 10,000 ulimwenguni walikuwa wamekwisha poteza nuru, na miongoni mwa waliopofuka kwa maradhi haya ni mwimbaji Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950. Hofu ikawafanya matabibu waibane oksijeni kupita kiasi, ikawa macho yanaokoka na roho zinapotea. Mvutano huo haujaondoka hata leo, kwani utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2010 ulidhihirisha kuwa kuiweka oksijeni ya damu kati ya asilimia 85 na 89 hupunguza maradhi makali ya macho, ila huongeza vifo. Ndiyo maana wodi nyingi hulenga kati ya asilimia 90 na 95, na oksijeni huhesabiwa kuwa dawa yenye kipimo chake. Na kwa kuwa hata kipimo chema hakiiondoi hatari yote, hapana budi macho yachunguzwe.

Ni nani basi wa kuchunguzwa? Marekani huwachunguza waliozaliwa na gramu 1,500 au pungufu, ama katika juma la 30 au kabla yake. India imeipandisha mipaka hiyo hadi gramu 2,000 na juma la 34, kwa sababu huko imeonekana kuwa hata watoto wakubwa kidogo hupatwa. Nasi wa Afrika ya Mashariki, ambako wodi za watoto wachanga zinaongezeka na vipimo vya oksijeni havijafika kila kitanda, tukiinakili mipaka ya Marekani kama ilivyo tutawaacha nje watoto waliostahili kuonwa.

Uchunguzi wa kwanza hufanywa yapata juma la 4 baada ya kuzaliwa, ingawa waliozaliwa mapema mno huweza kungojewa hadi umri wao, ukihesabiwa pamoja na mimba, ufike majuma 31. Mtoto hutiwa matone ya kuipanua mboni na mengine ya ganzi, kope zikashikwa wazi kwa kibano chepesi, naye daktari, akiwa amevaa taa kichwani na kushika lenzi mkononi, huitazama retina mpaka ukingoni, huku muuguzi akiangalia pumzi za mtoto na kumtuliza kwa tone la maziwa ya mama au maji ya sukari. Huandika maradhi yamefika eneo gani kati ya matatu na daraja gani kati ya tano, na zaidi ya yote huangalia kama mishipa ya katikati imevimba na kujipindapinda, kwani hiyo ndiyo alama ya hatari. Aghalabu maradhi huwa mepesi na hupoa yenyewe. Lakini yakifikia kiwango cha kutibiwa, leza au sindano ya dawa ndani ya jicho hutakiwa katika saa 72. Penye uhaba wa mabingwa, mfano wa Karnataka, jimbo la India, wafaa kuigwa, ambako tangu mwaka 2008 mafundi waliofunzwa huzunguka na kamera katika hospitali za mbali, na picha zikapelekwa kwa daktari wa macho azisome.

Ila yote hayo ni bure ikiwa mtoto hayupo. Watoto wengi huruhusiwa kwenda nyumbani wakiisha ongezeka uzito, kabla ya juma la 4 kufika, na jicho linaloharibika ndani huonekana kwa nje zuri kama jingine lolote, hata mama asiwe na sababu ya kurudi asipoambiwa. Kwa hiyo tarehe ya macho na iandikwe katika kadi ya kliniki kabla mtoto hajatoka wodini, mama na baba waelezwe kwa lugha yao ni kwa nini haifai kuahirishwa, na marudio yaendelee mpaka daktari atamke kuwa mishipa imefika ukingoni. Na mzazi ambaye hakuambiwa kitu, asione haya kuuliza tarehe hiyo kabla ya kutia saini ya kuondoka, maana ni haki ya mtoto wake kama ilivyo haki yake chanjo na maziwa.