Baridi Yabisi si Baridi ya Lushoto

Ndugu msomaji, ukipanda basi Mombo kuelekea Lushoto, unaiacha nyuma nchi ya mkonge na joto, na baada ya kupita Soni huna budi kufunga vifungo vya koti. Umepanda karibu mita 1,000. Mbu nao hupungua kadiri unavyopanda. Utafiti uliofanyika katika Milima ya Usambara na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa mtu wa bondeni huumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 1,000 kuliko yule wa vijiji vya juu kabisa.

Huko juu, mama akiamka na vidole vilivyovimba na kukakamaa, majirani husema ni baridi. Jina lenyewe, baridi yabisi, linatupotosha. Baridi huweza kuzidisha maumivu, lakini siyo inayouanzisha ugonjwa. Huanza pale kinga ya mwili inapopotoka, mfano wa sungusungu waliowekwa kulinda kijiji wakaanza kuvunja milango ya wenye nyumba. Katika baridi yabisi huvunjwa viungo. Katika ndugu yake, lupasi, hata figo hazisalimiki.

Je, mbu wa bondeni na vidole vya mama huyo vina uhusiano gani? Swali la namna hiyo lilimshughulisha daktari kijana Mwingereza, Brian Greenwood, aliyefanya kazi Ibadan, Nigeria, katika miaka ya 1960. Alipopitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 98,000 waliolazwa kwa muda wa miaka kumi, alikuta 104 tu wenye magonjwa ya kinga kujishambulia. Mwaka 1968, katika jarida la Lancet, alitoa hoja kwamba huenda malaria na vimelea vingine, kwa kuishughulisha kinga tangu utotoni, huizuia isimgeukie mwenyewe. Mwaka 1970 yeye na wenzake wakaeleza jinsi panya wa maabara, waliozaliwa na asili ya ugonjwa unaofanana na lupasi, walivyokingika kwa kiasi kikubwa walipoambukizwa malaria ya panya.

Hoja hiyo ni nzito, lakini panya wa maabara hahitaji nauli ya kwenda hospitali. Mgonjwa anayekaa nyumbani akikandwa kwa maji ya moto haingii katika hesabu ya daktari yeyote. Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa lupasi ni nadra mno Afrika. Hata hivyo, mwaka 1980 Profesa Kanyerezi na wenzake waliandika habari za wagonjwa wa lupasi waliowatibu Mulago, Kampala. Ugonjwa usiotafutwa hauonekani.

Usambara ina sehemu nyingine katika habari hii. Kule Amani, upande wa mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na kupanda mikwinini, na wakati wa vita ya 1914 hadi 1918 magome yake yalitengenezewa dawa ya malaria kwa majeshi yao. Tayari mwaka 1894 daktari Payne wa London alikuwa ameeleza matumizi ya kwinini kwa wagonjwa wa lupasi. Klorokwini iliyobuniwa baadaye iliachwa na Tanzania katika tiba ya malaria mwaka 2001, lakini nduguye, haidroksiklorokwini, hadi leo ni dawa ya msingi ya lupasi.

Greenwood baadaye aliviacha viungo akaifuata malaria yenyewe, hasa Gambia alikochunguza faida za vyandarua vyenye dawa. Korogwe, chini ya milima hii hii, ilikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria yaliyoanza mwaka 2009. Hakuna mwenye akili timamu atakayetamani mbu arudi ili vidole vipone.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, vidole au vifundo vya mikono yote miwili vikivimba kwa majuma sita, na ukakamavu wa asubuhi ukapita saa nzima, nenda hospitali, ukaombe kupimwa damu. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Mifupa iliyokwisha kulika hairudi, ndiyo maana dawa huanzwa mapema. Ukiandikiwa methotrekseti, kumbuka kuwa kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa juma, wala si kila siku. Na atumiaye haidroksiklorokwini kwa miaka mingi hupimwa macho.