Matairi ya pikapu Kilifi: kinachouzwa ni kashata, kinachokatika ni ubavu

Karibu kila duka la matairi kutoka Mtwapa hadi Malindi huweka mbele matairi ya A/T, yale ya kutembelea lami na nje ya lami. Mnunuzi wake ni mtu wa kazi. Hubeba matofali ya matumbawe kutoka machimboni, maembe na mananasi ya Magarini, chumvi ya Gongoni, samaki wa asubuhi, au matangi ya maji ya kupeleka Ganze na Bamba. Anachoulizia kwanza ni kashata: ziwe nene, ziwe na nafasi, zing'ate udongo. Hata hivyo, wanaoyauza matairi hayo na mafundi wanaoyaziba wanakubaliana kwamba katika ukanda huu ni nadra tairi la pikapu kuishia kwenye kashata. Huharibikia ubavuni.

Njia za Bofa zinatosha kueleza sababu. Gari likiiacha lami na kuingia vichochoro vya kuelekea viwanja vya ufuoni, hukutana na mchanga mwingi. Mchanga humtaka dereva apunguze upepo ili tairi litanuke lisizame. Lakini chini ya mchanga huo kuna mwamba wa matumbawe, na ncha zake hujitokeza bila mpangilio, hasa baada ya mvua kuosha njia. Tairi lililopunguzwa upepo hufura ubavuni, na ubavu uliofura ndio unaogonga jiwe. Kaskazini ya Malindi, kwenye udongo mweusi wa bonde la Tana, kashata pana huokoa gari kweli wakati wa masika. Kuanzia Takaungu, Mnarani na Bofa hadi Watamu, adui mkubwa ni jiwe.

Kwenye vibanda vya mafundi wa pancha kando ya barabara kuu, ushahidi umelala chini. Utaona tairi lenye kashata zaidi ya nusu, ambalo kwa mtazamo wa mpita njia bado ni jipya, lakini ubavuni lina mkato wa urefu wa kidole na nyuzi za ndani zinaonekana. Pancha ya msumari katikati ya kashata huzibwa kwa dakika chache. Mkato wa ubavu hauna dawa ya kuaminika, kwa kuwa hapo ndipo tairi hukunjika na kukunjuka kila linapozunguka. Wapo wanaotia tyubu ndani na kukinga tundu kwa kipande cha tairi kuukuu. Gari hufika nyumbani, lakini kulipakia tani moja na kuliendesha kasi kwenye lami ya moto ni kuhatarisha maisha.

Hapo ndipo tarakimu zilizo ubavuni zinapokuwa na uzito kuliko sura ya tairi. Chukua kipimo cha 265/65R17, kinachojulikana na wengi wenye pikapu za milango minne. Tairi la kawaida la kipimo hicho mara nyingi huandikwa 112, maana yake linaruhusiwa kubeba kilo 1,120. Lile la kazi, lenye herufi LT mbele ya kipimo, huandikwa 120/117, yaani kilo 1,400 likifungwa peke yake, au 1,285 likifungwa pacha. Upana ni uleule na rimu ni ileile, na kashata zinaweza kufanana kabisa. Tofauti iko kwenye uimara wa kiunzi, ule ambao wauzaji huuita plai sita, nane au kumi. Hesabu ya ekseli ya nyuma, inayobeba sehemu kubwa ya mzigo wa matofali, hubadilika kabisa kati ya tairi moja na jingine.

Lakini tairi la plai kumi nalo lina gharama zake. Ni zito, hurusha gari likiwa tupu, huongeza matumizi ya mafuta, na hudai upepo mwingi kuliko ule uliozoeleka kujazwa kwenye vituo vya petroli. Anayetumia pikapu kwenda kazini mjini hana haja nalo. Wala M/T, lile la matope lenye meno makubwa, halimfai anayekwenda na kurudi Mombasa kila wiki, kwani hupiga kelele na kulika upesi kwenye lami. Uchaguzi sahihi basi unategemea kazi ya gari, na wenye magari wengi hapa wanaijua kazi yao vizuri. Shida ni kama tairi linalofaa lipo dukani.

Mfanyabiashara mmoja wa mjini Kilifi, aliyeomba jina lake lisitajwe, anasema mara nyingi halipo. Malalamiko yake yanaanzia bandarini. Matairi hushushwa Mombasa, takriban kilomita 60 kutoka dukani kwake. Hata hivyo sehemu kubwa ya mali anayouza hupanda kwanza hadi kwa waagizaji wa jumla Nairobi, kilomita 480 hivi kutoka baharini, kisha hurudishwa Pwani kwa lori. Yeye hana mtaji wa kuagiza kontena zima, kwa hiyo huchukua anachopewa. Akiomba A/T ya LT yenye plai kumi, huambiwa asubiri, na wakati huohuo huletewa M/T zilizoagizwa kwa ajili ya matope ya bara au A/T nyepesi zenye sura ya kuvutia. Mteja akikatwa ubavu mwezi wa pili, humrudia yeye, si mwagizaji. Anasema wenye maduka wa Pwani wamegeuzwa kuwa watu wa kumaliza mabaki.

Lalama yake ya pili ni umri wa mali. Kila tairi lina tarakimu nne za tarehe: 1421 ni wiki ya 14 ya mwaka 2021. Anadai kuletewa matairi yaliyokaa maghalani miaka kadhaa yakiuzwa kwa bei ya mapya, na kwamba wateja wachache sana huinama kusoma. Mpira huzeeka hata usipotembea, na joto la Pwani huharakisha.

Serikali iliwahi kuahidi kwamba safari hiyo ya kwenda na kurudi ingekoma. Agizo la mwaka 2019 la kupeleka makontena Nairobi kwa reli mpya liliondolewa baada ya uchaguzi wa 2022, na maafisa wakasema biashara ya Pwani ingefufuka. Mfanyabiashara wetu anakiri kwamba mizigo sasa inaweza kutolewa bandarini Mombasa. Anachokana ni kwamba hilo limebadilisha chochote dukani kwake, kwa sababu mwenye mtaji na ghala bado yuko Nairobi. Kwa bidhaa hii, ni vigumu kumpinga.

Kuhusu bei, maelezo ya wauzaji wa jumla hayaridhishi. Kenya inategemea zaidi matairi ya kigeni, hasa ya China, tangu kiwanda kikubwa cha Nairobi kiliposimamisha uzalishaji mwaka 2016, kwa hiyo dola ina neno. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160, na katikati ya mwaka huo ikashuka hadi karibu 130. Wenye maduka wanasema bei zilipanda upesi pamoja na dola, lakini hazikushuka kwa mwendo huo. Waliohojiwa upande wa jumla walitaja vurugu za Bahari ya Shamu, ilhali meli itokayo China kuja Mombasa huvuka Bahari ya Hindi bila kupita huko. Ni kweli kwamba nauli za dunia nzima zilipanda meli zilipolazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, ila sababu hiyo haielezi kila kitu. Kuna pia VAT ya asilimia 16, na hofu kwamba tozo ya mazingira, iliyogusa matairi katika Mswada wa Fedha wa 2024 kabla mswada wenyewe kuondolewa, huenda ikarejea kwa jina jingine.

Afisa mmoja wa masuala ya barabara, ambaye pia hakutaka kutajwa, anaona wasiwasi wote huu ni wa muda. Anataja zaidi ya kilomita 20,000 za lami nchini na kusema lami inavyosonga ndivyo haja ya matairi ya A/T itakavyopungua. Takwimu hiyo ni ya taifa zima, lenye mtandao wa barabara unaozidi kilomita 160,000, na haimsaidii mpakia matofali. Machimbo hayako kando ya lami, wala viwanja vingi vinavyojengwa. Lami ikirefuka, pikapu hukimbia zaidi ikiwa na mzigo na joto la tairi huongezeka kabla ya kuingia kwenye mawe. Huenda haja ya tairi imara ikazidi badala ya kupungua.

Kwa sasa, mpangilio unaotolewa na mafundi wenye uzoefu ni huu: tazama mzigo kwanza, kisha ubavu, kisha tarehe, na kashata mwisho. Spea iwe ya kipimo na uwezo uleule. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, na ukipunguzwa kwa ajili ya mchanga urudishwe kabla ya kugusa lami. Rimu za chuma zikaguliwe kutu, kwa kuwa hewa ya chumvi huzila na upepo ukavuja taratibu.

Mbele kuna njia moja inayozungumzwa, nayo ni wenye maduka wa Kilifi, Watamu na Malindi kuchanga mtaji na kuagiza kontena lao lenye vipimo vinavyofaa mawe ya Pwani. Baadhi wanalitaka, wengine wanaogopa kufungiwa fedha katika mali isiyotoka upesi endapo shilingi itayumba tena. Mpaka hilo liwezekane, mwenye pikapu atakayekataa kununua kilichopo na kulipia agizo mapema atangoja kwa wiki kadhaa, na wengi wenye mizigo ya kila siku hawawezi kungoja.