Aina ya Mbegu na Harufu ya Mchele: Ufafanuzi kwa Kurejelea Mpunga wa Kamanga, Mwambao wa Ziwa Victoria

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna aina ya mbegu inavyoathiri harufu ya mchele, kwa kurejelea kilimo cha mpunga cha Kamanga na maeneo jirani mkoani Mwanza. Hoja kuu ni kwamba mbegu ndiyo inayoamua iwapo mchele utanukia, ilhali shamba, ukaushaji na uhifadhi huamua kiasi cha harufu kitakachomfikia mlaji. Kwa msingi huo, makala yanaonesha kuwa jina la mahali, ambalo hutumika sana sokoni, si kithibitisho cha harufu.

1. Utangulizi

Kamanga, wilayani Sengerema, ni kituo cha kivuko kinachounganisha upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza na jiji la Mwanza. Katika ukanda huu, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Usukuma, mpunga hulimwa kwenye majaruba yaliyochimbwa mabondeni na mbugani, na kilimo hicho hutegemea zaidi mvua. Mchele unapofika sokoni, mnunuzi huuliza mambo mawili: umetoka wapi, na je, unanukia? Mara nyingi jibu la swali la kwanza huchukuliwa kuwa ni jibu la la pili pia. Ndiyo maana katika masoko ya Tanzania husikika majina kama mchele wa Kyela, wa Mbeya, wa Magugu, wa Kahama au wa Shinyanga, na ni nadra kusikia jina la mbegu yenyewe.

Kwa mkulima, suala hili ni la riziki. Supa, aina ya asili inayopendwa kwa harufu na ladha yake, ina mimea mirefu inayochelewa kukomaa na kuanguka kwa urahisi inapozidiwa na upepo au mbolea. SARO 5, yaani TXD 306, iliyoidhinishwa nchini mwaka 2002, ni fupi, hukomaa mapema zaidi na huitikia vizuri mbolea, lakini harufu yake ni ya wastani. Anayechagua Supa hukubali kuvuna magunia machache kwa matumaini ya bei nzuri. Matumaini hayo yana msingi endapo tu harufu anayoitafuta imo kweli katika mbegu anayoipanda, na endapo itadumu hadi mchele utakapouzwa.

2. Harufu kama sifa ya aina

Uhusiano kati ya aina ya mmea na harufu ya zao lake si jambo la mpunga peke yake. Mfano uliochunguzwa sana ni wa mafuta ya zeituni katika nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania. Zeituni za aina ya Picual, Arbequina na Frantoio, hata zikikamuliwa kwa utaratibu uleule, hutoa mafuta yenye harufu zinazotofautiana. Sababu ni kwamba harufu ya mafuta hayo huundwa hasa tunda linapopondwa. Hapo vimeng'enya vilivyokuwa vimetengana na asidi za mafuta hukutana nazo, na kuzalisha kampaundi nyepesi zinazoruka hewani, zikiwamo heksanali na heksenali, ambazo hunukia kama majani mabichi yaliyokatwa. Kila aina ya mzeituni ina kiwango chake cha vimeng'enya na cha asidi hizo, na hivyo ina harufu yake.

Mpunga una mkondo tofauti. Harufu ya mchele unaonukia haisubiri kinu wala chungu, bali huundwa ndani ya mmea ukiwa hai shambani. Upishi huiachilia tu. Tofauti hii ina maana kubwa kwa mkulima: mkamuaji wa zeituni anaweza kurekebisha sehemu ya harufu kiwandani, lakini mkoboaji wa mpunga hana namna ya kuongeza harufu isiyokuwamo katika punje.

3. Kemia na urithi wa harufu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Buttery na wenzake nchini Marekani walibainisha kuwa kampaundi kuu inayotofautisha mchele unaonukia na usionukia ni 2-asetili-1-pirolini. Watafiti hao waliikuta pia katika majani ya mmea mmoja wa jamii ya mkadi ambao hutumika katika mapishi ya Asia ya Kusini-Mashariki. Pua ya binadamu huitambua kampaundi hii hata ikiwa ni sehemu 0.1 tu katika sehemu bilioni moja za maji. Kwa hiyo, kiasi kidogo mno kinatosha kuupa wali sifa, na upungufu mdogo pia unaweza kutambulika mezani.

Msingi wa kijenetiki wa harufu hiyo ulifafanuliwa na Bradbury na wenzake mwaka 2005. Katika kromosomu ya 8 ya mpunga kuna jeni iitwayo BADH2. Jeni hiyo ikiwa timamu, huzalisha kimeng'enya kinachotumia malighafi ambayo ingeweza kuunda harufu, na mchele haunukii. Katika aina nyingi zinazonukia, jeni hii ina kasoro: vipande 8 vya mfuatano wake vimekosekana. Kimeng'enya hakifanyi kazi, malighafi hulimbikizana, na 2-asetili-1-pirolini huundwa. Kwa maneno mengine, harufu inayosifiwa sokoni hutokana na kazi ambayo mmea umeshindwa kuifanya.

Sifa hii ni fichu. Ili mmea uwe na harufu, sharti urithi nakala yenye kasoro kutoka pande zote mbili. Aina inayonukia ikichavushwa na isiyonukia, mimea ya kizazi cha kwanza haitanukia, na katika kizazi cha pili takribani mmea mmoja kati ya minne ndio utakaokuwa na nakala mbili fichu. Hata hivyo, mpunga hujichavusha wenyewe kwa kiasi kikubwa. Kwa sababu hiyo, chanzo kikubwa zaidi cha kupotea kwa harufu katika mbegu inayotunzwa nyumbani ni kuchanganyika kwa punje wakati wa kuvuna, kupura, kuanika na kuhifadhi.

4. Mchango wa shamba, jua na ghala

Ikiwa mbegu inaamua kuwapo kwa harufu, mahali pana nafasi gani? Yoshihashi na wenzake (2004) walichunguza aina moja, Khao Dawk Mali 105, iliyolimwa katika maeneo mbalimbali ya kaskazini-mashariki mwa Thailand. Walikuta kiasi cha 2-asetili-1-pirolini kikitofautiana baina ya maeneo hayo, na tofauti hiyo ikihusishwa na ukame. Tafiti nyingine zimeonesha kuwa chumvi katika udongo na hali ya ubaridi wakati punje zikijaa huweza pia kuongeza harufu. Hivyo, imani kwamba mahali huchangia si potofu. Kosa ni kudhani kwamba mahali huweza kuipa harufu mbegu ambayo kwa asili yake haina.

Baada ya mavuno, kazi inayobaki ni kuzuia upotevu. Joto kali la ukaushaji hupunguza kampaundi hiyo kwa kuwa huruka kwa urahisi. Mpunga ulioanikwa kwa tabaka jembamba mno juani kwa muda mrefu hupoteza harufu, na punje zake hupasuka na kutoa chenga nyingi. Aidha, kadiri mchele unavyokaa ghalani, 2-asetili-1-pirolini hupungua huku heksanali ikiongezeka kutokana na kuoza kwa mafuta yaliyomo katika mabaki ya pumba. Hapa pana funzo: heksanali ileile inayochangia uzuri wa mafuta ya zeituni ndiyo inayoufanya mchele uonekane mkuukuu. Kampaundi haina thamani nje ya zao lake. Kwa sababu hiyo, kuhifadhi mpunga ukiwa na maganda na kuukoboa karibu na wakati wa kuuza huilinda harufu kuliko kuhifadhi mchele uliokwisha kukobolewa.

5. Maana yake kwa mkulima na soko la Kamanga

Jina la mahali hufanya kazi sokoni maadamu wakulima wa mahali hapo wanaendelea kupanda mbegu ileile. Mbegu ikibadilika, jina hubaki na harufu huondoka. Mkulima aliyetunza Supa halisi hujikuta akiuza kwa bei moja na mwenye mchanganyiko, kwa kuwa magunia yote mawili yanabeba jina lilelile la mahali.

Njia za kupima zipo, na baadhi hazihitaji mitambo. Sood na Siddiq (1978) walipendekeza kuloweka majani yaliyokatwakatwa katika mmumunyo wa hidroksidi ya potasiamu wa asilimia 1.7 kwa dakika 10 na kuyanusa. Pua huchoka baada ya sampuli chache, hivyo kipimo hiki kinafaa kwa uchujaji wa awali. Kwa uhakika zaidi, kipimo cha vinasaba hubaini hali ya BADH2 hata katika mche mchanga. Shambani, kung'oa mimea isiyofanana na mingine kabla ya mavuno, pamoja na kupura na kuanika mbegu peke yake, ni hatua zilizo ndani ya uwezo wa mkulima wa kawaida.

6. Hitimisho

Harufu ya mchele huanza na mbegu, huongezwa au kupunguzwa na shamba, kisha hulindwa au kupotezwa na turubai na ghala. Mpangilio huu unaonesha kuwa juhudi za kuinua thamani ya mchele wa mwambao wa Ziwa Victoria zitazaa matunda iwapo zitaanzia kwenye usafi wa mbegu, na iwapo gunia litauzwa kwa jina la mbegu sambamba na jina la mahali. Bila hivyo, mkulima anayevumilia mavuno machache ya Supa ataendelea kulipia harufu ambayo soko halina namna ya kuitambua kabla wali haujaiva.